Kikopo ya Muyomba

Mu aveni yetu, hapa Katuba, kila nganda ya pombe iko na kibao. Banapakaa rangi, banatundika ampuli, banawasha muziki yenye inakufata mpaka mu kitanda. Ata mugeni mwenye kushuka leo ku basi hana haja ya kuuliza fasi ya kukunywa. Lakini fasi yenye mulevi anaweza kwenda kujifunza kuacha pombe, ile hakuna kibao. Hakuna ampuli. Imefichwa sawa duka ya magendo. Miye niliitafuta kwa miguu yangu, na kasirani yenye nilipata mu njia haiyaisha mpaka leo.

Nilikuwa natafuta juu ya mwana yangu mwanaume, kifungua mimba. Ni fundi wa kujenga. Ukuta yake inasimama wima. Yeye mwenyewe njo alikuwa anaanguka. Bibi yake alichoka, akachukua batoto, akarudia kwabo Kipushi. Sikumulaumu. Bwana yangu miye pia alikufa na lutuku, ile pombe ya kuchemsha yenye inawaka ukiisogeza ku moto, na ku kilio yake hakuna ata mumoja mwenye alisema ni lutuku. Balisema ni bulozi. Bulozi gani yenye inauzishwa mu bido ya plastiki kila asubui, na bantu banapanga mustari?

Basi, mwana akarudia kukaa kwangu, mu paraseli yangu. Siku moja ya mvua majirani bakamuleta. Balimutosha mu mutaro, kinywa imejaa udongo. Nikamunawisha sawa vile nilikuwa namunawisha wakati alikuwa mutoto. Vile aliamuka, akaniambia, "Mama, afazali nikufe."

"Kufa haiko kazi," nikamujibu. "Kazi ni kuamuka. Amuka."

Kwanza nikamupeleka ku kanisa. Pasta akamushika kichwa, akamusukuma, akasema hii ni pepo ya muto, imemufata kutoka Luapula, haitoke bila kufunga kula. Tukafunga, miye na yeye. Siku ya kufungula, miye nilifungulia mu nyumba na uji, yeye akaenda kufungulia mu nganda. Nikarudia kwa pasta. Akaniangalia na huruma, eti, "Mama, imani yako iko kidogo."

Imani yangu! Miye mwenye nilifagia ile kanisa wakati ilikuwa ingali na paa ya majani, na yeye pasta alikuwa angali anavaa kaptula!

Nikamupeleka ku lopitali. Bakamutia seromu ku mushipa, bakamulaza, bakamulisha. Munganga, kijana moja wa lunete ku macho, akaniita pembeni. "Mama, aache tu pombe."

"Na miye nilikuja hapa kufanya nini? Kukuomba umuambie asiache?"

"Mama, usikasirike."

"Nikileta mwenye homa, utamuambia apoe tu?"

Akaandika vitamini.

Jamaa nabo balikuwa na dawa yabo. Eti aoe bibi mwingine, bibi mupya atamutuliza. Nikabauliza kama banataka nilete mutoto ya bantu aje kuteseka mu fasi yangu. Bakanyamaza, lakini balinyamaza vile bantu banyamazaka wakati banasema mu moyo: huyu muzee kichwa yake imekuwa nguvu.

Miye ninauzishaka samaki ya kukausha, inatokaka Kasenga. Ku soko, mbele ya meza yangu, kulikuwa papa moja, muntu mwanaume muzima, mwenye soko yote ilimujua. Alikuwa analala ku mulango, nzi juu ya midomo. Kisha akapotea. Tulisema amekufa. Siku moja ninamuona anasimama mbele yangu na shati ya kupiga pasi, anachagua samaki, anaifungua tumbo na kidole, ananusa, anarudisha, anachagua ingine. Nikamushika mukono.

"Papa, nani alikuponyesha?"

Akaangalia kushoto, akaangalia kuume. "Mama, nifungie samaki."

"Sifungi. Sema kwanza."

"Ile haisemewaki ku soko."

"Ulevi yako ilikuwa inasemewa ku soko! Ulikojolea muguu ya meza yangu, bamama bote baliona. Leo kupona njo inakupa haya?"

Akacheka. "Mama, weye uko mubaya." Kisha akainama, akaniambia mu sikio, sawa muntu mwenye kuniuzishia kamba ya umeme ya kuiba: siku ya posho, ile yenye kutangulia siku ya kanisa, nyuma ya saa sita, mu klasi moja nyuma ya paruasi ya bapadri. Bantu banakutana, walevi kwa walevi. Hakuna munganga, hakuna pasta. "Na usiulize jina ya muntu."

Siku ya posho nikamuvuta mwana yangu na kola ya shati, muntu muzima na ndevu, mpaka ku ile klasi. Ku mulango kulisimama mama moja, rika ya mudogo wangu, kitenge ya kufunga muzuri, lozari ku shingo, viatu vinangaa. Akamupokea mwana na mikono mbili. "Karibu, ndugu." Kisha akanigeukia.

"Na weye mama, unakunywaka?"

"Miye? Hii kinywa haiyagusa pombe tangu kuzaliwa."

"Basi utangojea inje."

"Inje? Miye njo nilimuleta!"

"Umemuleta muzuri. Sasa tuachie."

"Na weye mu ndani unafanya nini? Uko infirmie wa kutunza bagonjwa?"

"Hapana, mama. Miye ni mulevi."

Nikamuangalia kutoka kitambaa ya kichwa mpaka viatu. "Weye? Mwanamuke muzima hivi? Na ile lozari?"

"Na ile lozari," akasema, akafunga mulango.

Nikaikala ku ngazi ya inje, chini ya dirisha, jua inaniunguza. Nilikuwa nangojea kusikia kilio. Nilikuwa nangojea kusikia maombi. Nikasikia bantu banacheka. Banacheka kweli, mpaka kupiga meza! Miye nilikuwa nimeleta mugonjwa ku dawa, babo beko na sikukuu.

Mu njia ya kurudia nikamuuliza, "Mulikuwa munacheka nini?"

"Siwezi kusema, mama. Njo sharti. Yenye inasemwa mule inabakia mule."

"Miye nilikuzala. Sharti gani inapita tumbo yangu?"

"Ile ile."

Na juu ya ile sharti yabo, siandike jina ya muntu humu, ata ya mwana yangu. Si juu niliikubali. Ni juu nilimuona ile siku analala bila kukunywa. Kesho yake akaanza kutetemeka, jasho inaloweka kitanda, na yule papa ya samaki akakuja, akaikala naye ku mukeka mpaka jua ikaanguka, anamusaidia kushika kikopo ya maji. Pasta hakukuja. Bale benye kutaka kumuoesha hawakukuja. Alikuja ule mwenye alikojolea meza yangu.

Siku ya posho ikafata ingine. Mwana akaanza tena kujenga. Mikono yake ilitulia, akaweza kushika nivo ya kupima ukuta bila ile povu ya ndani kuchezacheza. Bibi yake akaruhusu batoto baje kumuona. Lakini kulikuwa kintu yenye ilikuwa inanichoma. Mwenye nyumba yenye mwana alikuwa anajenga alitaka akunywe naye juu paa imeisha, na miye nikasikia mwana anamujibu, bila haya, "Hapana, patron. Miye ni mulevi."

Nikamungojea mu nyumba. "Ulishaacha! Juu ya nini unajitukana mbele ya bantu?"

"Mama, siku yenye nitasema siko mulevi, siku ile njo nitakunywa."

"Hesabu gani ile?"

"Ni yenye inanisimamisha."

Kulikuwa siku moja bale ba klasi balifungua mulango kwa jamaa za walevi. Balinipa nafasi ya kusema. Nikasema yote, juu ya seromu, juu ya pasta, na nikabaambia babo pia: muweke kibao inje, bamama banazunguka muji muzima na batoto ba kufa ku mukono. Muzee moja mwenye kutoka Golf, kwa batajiri, na shofere anamungojea inje mu mutoka, akasema, "Mama, ulete rangi, tutapakaa." Bakacheka. Bale bantu banachekaka sana.

Sasa, kesi yenyewe.

Mujikulu yangu, mutoto ya binti yangu, alipata muchumba. Kijana muzuri, wa jamaa ya heshima. Kwetu ku Luapula si baba njo anatoaka mutoto, ni muyomba, kaka ya mama yake. Na binti yangu iko na kaka mumoja tu: ule mwana. Siku ya mahari, bakwe banaleta chupa ya kufungula kinywa. Inafunguliwa mbele ya bote. Mwenye kuleta anaonja kwanza, bantu baone hakuna sumu. Kisha anajaza kikopo, anamupatia muyomba. Muyomba akikunywa, mutoto ametolewa. Asipokunywa, amekatala ndoa, na bakwe banabeba bintu yabo, banaenda.

Kaka yangu mukubwa alitoka Kasenga kuja kupanga ile siku. Nikamuambia, "Mwipwa yako hawezi kushika ile kikopo."

"Kikopo moja haiue muntu."

"Iliua bwana yangu."

"Bwana yako alikunywa bido."

"Alianza na kikopo."

Akatingisha kichwa. "Desturi ni desturi. Bankambo batasema nini?"

"Bankambo beko chini ya udongo. Miye niko hapa juu, na miye njo ninamutoshaka mu mutaro. Kunywa weye."

"Miye ni muyomba ya mama yake. Muyomba ya mutoto ni yeye. Unataka bakwe baseme tunabauzishia mutoto na mulango ya nyuma?"

Nikamuambia mwana asionekane, nitasema iko na homa. Akakatala. Na mujikulu yangu, mwenye alikuwa amekwisha kushona kitenge yake, akakuja kupiga magoti mbele ya muyomba.

"Muyomba, kama juu ya ndoa yangu utarudia mu mutaro, basi siolewe."

"Utaolewa," akamuambia. Hakuongeza neno. Ile njo iliniogopesha, juu bwana yangu, baba yake, alikuwa anasemaka vile vile, neno moja, kisha anaenda mu nganda.

Siku ikafika. Tulipanga viti chini ya bashi, turubai ya kukinga jua, mu paraseli, bakwe upande ule, siye upande huu. Asubui miye nilikuwa nimetengeneza munkoyo, ile kinywaji yetu ya unga ya mahindi na mizizi, ya batoto na bamama. Nikaona yule mama ya lozari anaingia na papa ya samaki, bamevaa sawa siku ya Pasaka, banaikala upande yetu, mustari ya mbele. Mwana njo alibaita. Musemaji ya bakwe, papa moja wa kofia, akanisogelea.

"Mama, bale ni banani?"

"Ni jamaa ya muyomba."

"Upande ya baba ao ya mama?"

"Upande yenye haujue."

Bakaanza. Salamu ikaenda, ikarudia. Chupa ikafunguliwa: wiski ya duka, juu balitaka kutuheshimu. Papa wa kofia akajimwangia kidogo, akaonja, akafuta midomo. Akajaza kikopo mpaka ku mudomo, akapiga magoti, akamupatia mwana yangu.

Mwana akaipokea na mikono mbili. Harufu ya ile wiski ilifika mpaka kwangu. Akaangalia mu ndani ya kikopo, na mikono yake ikaanza, ile kutetemeka yenye nilifikiri imeisha. Pombe ikamwangika ku vidole. Nikasimama. Nilikuwa naenda kuipiga ile kikopo mateke, bakwe ao hapana bakwe. Yule mama ya lozari akanishika kitenge kutoka nyuma.

"Mama, ikala. Ile ni yake."

Miye siikalake juu muntu ameniambia niikale. Ile siku niliikala, na sikumusamehe bado.

Mwana akaweka kikopo chini, polepole, sawa muntu mwenye kuweka tofali ya kona. Akasimama.

"Bapapa, bamama, mutoto ninamutoa, na ninamutoa kwa moyo moja. Kijana yenu ninamupenda. Lakini ile kikopo sikunywe. Miye ni mulevi."

Kisha kijana moja ya upande ya bakwe akatupa sauti: "Mulevi mwenye hakunywe! Ile bado sijaona!" Bakacheka. Kaka yangu akafunika uso na kofia. Miye uso yangu iliwaka. Kila siku nilikuwa naambia bantu eti mwana iko na tumbo, iko na malaria, na leo yeye anafungua mbele ya bakwe yenye nilifunika na kitenge yangu!

Papa wa kofia naye akasimama. "Kikopo haikunywewe, mulango haifunguke. Siye hatukuleta sumu. Nilionja mbele yenu bote."

Sasa hakuna mwenye alinishika.

"Papa mukwe," nikasema, "ulionja, na hukukufa. Ni juu kwako haiko sumu. Kwake iko. Miye ninauzishaka samaki. Iko bantu benye bakikula samaki, uso inavimba, koo inafungika. Muntu wa namna ile akifika kwako, utamulazimisha samaki juu mupishi alionja? Ile desturi ya kuonja bankambo baliiweka juu muntu asikufe ku mahari. Sasa munataka kuitumika juu akufe? Ni desturi gani inageuka kichwa chini? Baba yake alikufa ku ile kintu, mbele ya macho yangu, tukasema ni bulozi. Hii kikopo, miye njo niko naiita na jina yake: sumu. Munaletaka sumu ku mahari? Museme, nijue ni jamaa gani ninapatia mujikulu yangu!"

"Dada, sema na sauti ya chini," kaka yangu akanong'ona.

"Sauti ya chini niliisema siku ya kupanga, haukusikia."

Bamama ba upande ya bakwe njo balianza. Mumoja akasema, "Anasema kweli." Mwingine akasema, "Tuko nabo kwetu pia, tunafichaka tu." Papa wa kofia akaenda nyuma ya bashi na bakubwa bake. Balikawia. Mujikulu yangu alikuwa analia bila sauti, wanja inateremka ku mashavu. Mwana alisimama tu, haikale, mikono nyuma, na yule papa ya samaki alikuwa amekuja kusimama karibu naye, bega kwa bega.

Bakarudia.

"Tumesikia mama," papa wa kofia akasema. "Muyomba atakunywa kintu ingine, kutoka mukono ya mutoto mwenyewe, mwenye anaolewa. Lakini hawezi kukatala kikopo mbele ya bantu, ikapita bure. Atalipa faini. Kuku."

"Kuku!" nikasema.

"Kuku moja. Mwenye kutaga." Na akaonyesha na kidole, chini ya viti, kuku yangu miye, ile mwekundu, mwenye alikuwa anatembea mule bila kujua kesi.

Nikafungua kinywa. Mwana akaniangalia. Nikafunga kinywa.

Mujikulu akaleta munkoyo mu kibuyu. Yule mama ya lozari akamusimamisha mu njia, akauliza, "Ni ya lini?"

"Ya leo asubui," nikamujibu. "Unafikiri miye mupumbafu?"

Akainamia kibuyu, akanusa, akaonja na kidole, juu anajua sawa siye bote: munkoyo ya leo ni ya mutoto, lakini ikilala, inaanza kuchacha, ikalala tena, inakuwa pombe. "Ni tamu," akasema. "Apite."

Mwana akakunywa yote. Bamama bakapiga mpundu na vigelegele, pande zote mbili, mpaka bashi ikatetemeka. Kaka yangu akashika ile wiski ya duka, akasema ni zambi kuitupa, akaanza kuisaidia yeye mwenyewe na papa wa kofia. Sikusema kintu. Nilikuwa nangalia banafunga kuku yangu miguu.

Ile kuku nilimuchunga tangu kifaranga. Mvua na jua, alikuwa anataga. Mwana anasema ataninunulia ingine. Nilimuambia kuku haiko tofali, huwezi kuweka ingine mu fasi yake. Na bakwe banasema iko muzima kwabo, hawayamukula, eti anabatagia muzuri sana. Banakuja kuniambia vile sawa ni habari ya kunifurahisha!

Leo ni siku ya posho. Mwana amekwisha kupiga shati pasi. Ku mwisho ya aveni yetu njia inagawanyika: kuume ni nganda ya ampuli na muziki, kushoto ni paruasi. Vile anatokaka, miye ninasimamaka ku mulango ya paraseli na ufagio, ninajifanya nafagia. Ninaangalia mpaka nione bega yake imepita kushoto.

Kisha njo ninarudia mu nyumba, kukasirika juu ya kuku.